Dawa Isiyoonekana Katika Mtungi wa Maziwa: Namna Inavyonaswa

Katika miteremko ya Mlima Elgon inayoshukia mji wa Kimilili, ambako aghalabu kila boma lina shamba la mahindi, mibuni kadhaa, na ng'ombe mmoja au wawili wanaolishwa nepia, maziwa husafiri safari fupi yenye mikono mingi: hukamuliwa alfajiri, humiminwa mtungini, huchukuliwa na mchuuzi kwa baiskeli au pikipiki, na kabla jua halijapanda huwa yamekwisha kuingia katika sufuria za chai za nyumba na hoteli. Mnunuzi ana njia zake za kuyakagua, kwani laktomita humwambia kama yametiwa maji, alkoholi humwambia kama yameanza kuharibika, na pua na ulimi humwambia mengineyo. Walakini kuna kitu kimoja ambacho vipimo hivyo vyote hukipita bila kukigusa, nacho ni mabaki ya viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria alizotibiwa ng'ombe, ambazo hazina rangi, hazina harufu, hazibadili ladha, na moto wa jikoni hauziondoi kwa namna ya kutegemewa. Makala haya yanachambua hatua kwa hatua jinsi wataalamu walivyobuni vyombo vya kuyahisi mabaki hayo katika maziwa na katika maji, na yanakusudia kuthibitisha jambo moja: kwamba thamani ya chombo cha namna hii hupimwa kwanza kwa mahali kinaposimama katika safari ya maziwa, na baadaye ndipo kwa ustadi wa kuundwa kwake.

Yafaa kwanza kujua mabaki hayo yanatoka wapi. Ng'ombe wa maziwa hupatwa mara kwa mara na ugonjwa wa kiwele, na dawa yake ya kawaida ni kibomba chenye penisilini au dawa ya jamii yake kinachokamuliwa ndani ya chuchu. Apatwapo na homa, hudungwa sindano ya oksitetrasaiklini, au ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ambazo hupatikana katika maduka ya agroveti ya kila kituo cha soko. Dawa hizo hazikai mwilini milele, wala haziishi mara moja, bali hutoka polepole kwa mkojo, kwa kinyesi na kwa maziwa, na kwa sababu hiyo kila pakiti imeandikwa muda wa kungoja, ambao kwa dawa nyingi za kiwele ni yapata saa 72 tangu dozi ya mwisho, ambamo maziwa hayaruhusiwi kuuzwa wala kunywewa. Kwa mwenye ng'ombe mmoja, saa hizo ni karo ya shule na unga wa jioni, na haistaajabishi kwamba wako wanaoshindwa kuzingoja, na wako wengine ambao hawakuambiwa habari yake na mtu yeyote.

Ili ukubwa wa jambo uonekane dhahiri, na tufanye hesabu. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika ya FAO na WHO mwaka 1963 kwa ajili ya kuweka viwango vya chakula vya dunia, imeweka kikomo cha penisilini katika maziwa kuwa maikrogramu 4 kwa kila kilo, na cha oksitetrasaiklini kuwa maikrogramu 100 kwa kila lita, na maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Tuseme kwamba baada ya matibabu zimetoka katika kiwele miligramu 100 tu za penisilini. Hizo ni maikrogramu 100,000, na ukizigawa kwa 4 unapata 25,000: yaani dawa isiyojaza hata ncha ya kijiko cha chai inatosha kuyafikisha kwenye kikomo maziwa ya kilo 25,000, ambayo ni kama mitungi 500 ya lita 50. Mkulima mmoja asiyengoja, akimimina maziwa yake katika mtungi wa pamoja, huweza kuwatia hatiani majirani zake wote waliongoja.

Madhara yenyewe ni ya namna mbili. La kwanza huwapata wale ambao miili yao haivumilii penisilini, wakaweza kupatwa na vipele au taabu ya kupumua kwa kiasi kidogo cha dawa. La pili ni kubwa zaidi na la polepole, nalo ni usugu wa bakteria, ambao Alexander Fleming mwenyewe, aliyeigundua penisilini mjini London mwaka 1928, aliuonya ulimwengu juu yake katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel ya Desemba 1945, akieleza kwamba vijidudu vinavyokutana na dawa hafifu isiyotosha kuviua hujifunza kuishi nayo. Hapa kwetu Kenya maonyo hayo si ya vitabuni tu, kwa kuwa mwaka 2004 Anakalo Shitandi wa Chuo Kikuu cha Egerton na Åse Sternesjö wa Sweden walichapisha utafiti juu ya bakteria aina ya Staphylococcus aureus, walio miongoni mwa wasababishaji wakuu wa ugonjwa wa kiwele, ambao walipatikana katika maziwa ya wafugaji wakubwa na wadogo wa Kenya wakiwa wamekwisha kuwa sugu kwa dawa zaidi ya moja.

Sasa na tuje kwenye vyombo. Kihisi cha kwanza kabisa kilikuwa maziwa yenyewe. Watengeneza jibini wa Ulaya na Marekani walianza kuona taabu mwishoni mwa miaka ya 1940, mara penisilini ilipoanza kutumiwa katika viwele, kwani maziwa yaliyotiwa chachu yalikataa kuganda, bakteria wema wa chachu wakiwa wameuawa na dawa ile ile iliyokusudiwa kuwaua wabaya. Jambo hili halihitaji kiwanda ili lionekane, kwa kuwa katika nyumba za Wasabaot walio juu ya Kimilili, upande wa Kaptama na Kapsokwony, ambako maziwa hugandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, maziwa yaliyobeba dawa yanaweza kukaa siku nzima bila kuchacha kama ipasavyo. Maziwa yasiyotaka kuganda yanatoa ushahidi. Ila ushahidi huo una kasoro mbili, kwamba huja baada ya saa nyingi, na kwamba hausemi chanzo ni dawa gani, au kama ni dawa kweli.

Wataalamu waliichukua kanuni hiyo hiyo wakaitia nidhamu. Katika miaka ya 1970 huko Uholanzi kilitokea kipimo kiitwacho Delvotest, ambacho ni mfano mwema wa jamii yake yote, na namna kinavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya kijichupa kidogo mna agari, ambayo ni ute ulioganda wenye chakula cha bakteria, na katika ute huo zimetawanywa mbegu za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, aliyechaguliwa kwa hekima kubwa, kwa kuwa hupenda joto ambalo bakteria wengine wa maziwa hawalivumilii, na kwa kuwa penisilini humdhuru hata ikiwa kidogo mno. Ute huo una rangi ya zambarau. Mpimaji hudondoshea humo sehemu moja ya kumi ya mililita ya maziwa, akakiweka kijichupa katika joto la nyuzi 64 za selsiasi, akangoja yapata saa tatu. Maziwa yakiwa safi, mbegu huamka, bakteria hula na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hugeuza zambarau kuwa manjano. Maziwa yakiwa na dawa ya kutosha, mbegu hazikui, tindikali haitoki, na zambarau hubaki zambarau. Hakuna mashine ya thamani inayotakiwa, ila chombo cha kutunza joto na macho mawili yanayotofautisha rangi.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hukamata dawa za jamii nyingi kwa mkupuo mmoja, na udhaifu wake unatokana na uzuri huo huo, kwa maana bakteria hufa kwa sababu nyingi. Maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba yana kinga za asili zinazoweza kumzuia bakteria asikue, na ndiyo sababu maabara nyingine huyapasha maziwa moto kwanza ili kuzivunja. Tena mchuuzi akiwa ametia haidrojeni peroksaidi ili maziwa yasiharibike njiani, jambo ambalo ni ghushi lililokatazwa na sheria, kemikali hiyo nayo huweza kuleta jibu la zambarau. Kwa hiyo zambarau ni shaka yenye nguvu, si hukumu ya mwisho. Fauka ya hayo, saa tatu ni muda ambao mchuuzi wa Kimilili hana: maziwa ya alfajiri hayana pa kungoja, na jibu likifika, chai imekwisha kunywewa.

Haja ya haraka ndiyo iliyozaa ukanda, ambao leo ndio uliozoeleka zaidi katika vituo vya kupozea maziwa duniani. Ukanda huu ni kipande cha karatasi ya pekee iliyochorwa mistari miwili isiyoonekana. Mpimaji huchanganya maziwa kidogo na unga mkavu wenye protini pokezi, yaani protini yenye umbo linaloshika penisilini na ndugu zake, na kila protini imefungwa kwenye chembe ndogo mno ya dhahabu ambayo rangi yake, kwa udogo huo, ni nyekundu. Kisha maziwa hupanda ukandani. Kwenye mstari wa kwanza imebandikwa dawa yenyewe. Ikiwa maziwa ni safi, protini hufika hapo mikono mitupu, huishika dawa iliyobandikwa, na mstari huwa mwekundu. Ikiwa maziwa yamekuja na dawa yake, protini hufika hali imekwisha kushika, hupita bila kusimama, na mstari huo hufifia au hukosekana kabisa, ilhali mstari wa pili wa uthibitisho hujitokeza kwa vyovyote ili kuonyesha kwamba ukanda haujaharibika. Almuradi mpimaji hulinganisha mistari miwili, na jibu hupatikana kwa dakika zisizozidi kumi.

Hapa ipo hadhari moja ambayo kila karani wa maziwa yampasa kuishika: katika ukanda huu mstari unaokosekana ndio alama ya hatari, kinyume cha ukanda wa kupimia mimba, ambao watu wengi wameuzoea, ambamo mstari unaotokea ndio jibu la ndiyo. Hadhari ya pili ni kwamba ukanda wa jamii ya penisilini hauoni tetrasaiklini, wala wa tetrasaiklini hauoni dawa za jamii ya salfa, ila zile kanda zilizoundwa kwa mistari mingi. Mpimaji hana budi kujua kwanza ni dawa zipi zinazouzwa katika maduka ya eneo lake, kisha ndipo anunue ukanda unaozihusu.

Hatua nyingine ilifanyika mjini Uppsala, Sweden, nayo inatuhusu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Katika mji huo kilianzishwa kiwanda kilichotengeneza mashine ya Biacore, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, ambayo humulika mwanga chini ya utando mwembamba wa dhahabu na kupima pembe ambayo mwanga huo humezwa. Kitu chochote kikinata juu ya utando, hata kikiwa chepesi kiasi gani, pembe hiyo husogea, na mashine huandika msogeo huo papo kwa papo. Åse Sternesjö na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden waliigeuza mashine hiyo kuwa mpima maziwa, na mwaka 1995 walichapisha namna ya kupima kwayo mabaki ya dawa moja ya salfa, sulfamethazini. Miaka michache baadaye Ebe Gustavsson na wenzake wa chuo hicho waliigeukia penisilini kwa njia ya werevu wa pekee: walichukua kimeng'enya cha bakteria ambacho kazi yake ni kukata mnyororo mfupi wa viungo vitatu uwe wa viungo viwili, na ambacho penisilini hukifunga kisifanye kazi, kisha wakapima ni minyororo mingapi iliyokatwa. Penisilini ikiwemo, ukataji hupungua. Kwa njia hii huhesabiwa penisilini iliyo hai peke yake, yenye uwezo wa kudhuru bakteria, na ile iliyokwisha kuvunjika haihesabiwi.

Ni mtaalamu huyo huyo wa Uppsala, Sternesjö, ambaye Shitandi wa Egerton alishirikiana naye, na mwaka 2001 wakachapisha kwa pamoja utafiti juu ya kugunduliwa kwa mabaki ya dawa katika maziwa ya Kenya. Lakini lenye mazingatio makubwa ni kazi nyingine aliyoichapisha Shitandi mwaka 2004 pamoja na Kihumbu, ambamo walichunguza jinsi wafugaji wadogo wanavyotumia kipimo cha California cha ugonjwa wa kiwele, na uhusiano wake na hatari ya mabaki kupita kiasi. Kipimo hicho, kilichobuniwa Marekani mwaka 1957, ni kisahani cha plastiki chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu: mkamuaji hukamulia humo matone machache, hutia dawa ya jamii ya sabuni, hukizungusha kisahani, na maziwa ya kiwele kinachoanza kuugua huvutika kama ute kabla macho hayajaona dalili yoyote. Kisahani hicho hakihisi dawa hata kidogo. Ila anayeugundua ugonjwa mapema, akatenga chuchu moja na kuita daktari wa mifugo, hujiepusha na kutibu kwa kubahatisha; na matibabu yakipungua, mabaki hupungua. Mwenye kujua mashine za thamani aligeuka kuchunguza kisahani cha plastiki, na katika geuko hilo mna fundisho kwetu sote.

Ama vihisi vya leo, ambavyo maabara nyingi za dunia zinashughulika navyo, vinafuata nyayo za kipimo cha sukari anachokitumia mgonjwa wa kisukari nyumbani, ambacho asili yake ni elektrodi ya Leland Clark ya mwaka 1962. Kwenye kijikaratasi chenye elektrodi ya dhahabu au kaboni hupandikizwa kipande kifupi cha DNA kilichochaguliwa kutoka miongoni mwa mamilioni kwa kuwa kinashika dawa fulani na kuiacha nyingine, njia ya uchaguzi iliyogunduliwa mwaka 1990. Ncha ya kipande hicho hufungwa rangi inayopitisha elektroni. Dawa ikija, DNA hujikunja, rangi husogezwa karibu na elektrodi, na mkondo wa umeme hubadilika kwa kadiri ya dawa iliyopo. Katika maji safi ya maabara vihisi hivyo hufanya kazi ya kusifiwa. Katika maziwa, mafuta na protini huifunika elektrodi mpaka ikapungukiwa na uwezo wake wa kuhisi, na ndiyo sababu makala za kisayansi ni nyingi ilhali vyombo vilivyofika mikononi mwa wafugaji ni vichache. Msomaji na asivunjike moyo kwa hayo, ila asikubali pia kuuziwa ahadi kwa bei ya chombo kilichokamilika.

Maji ni mlango mwingine. Mito ya Kibisi na Kuywa inayotelemka kutoka Elgon huingia katika Mto Nzoia, na Nzoia huingia katika Ziwa Viktoria, ikichukua yote iliyopewa njiani na mazizi, vyoo, zahanati na madimbwi ya majitaka. Mwaka 2016 Selly Kimosop na wenzake, miongoni mwao Zachary Getenga na Francis Orata, katika kazi iliyokuwa na mizizi yake katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko Kakamega, walichapisha vipimo vya viuavijasumu katika mitambo ya majitaka, madimbwi ya hospitali na mito ya bonde la Ziwa Viktoria. Utafiti wa jinsi hii unakabili taabu ambayo mpima maziwa haijui: kikomo cha penisilini katika maziwa ni sawa na nanogramu 4,000 kwa kilo, hali mtoni dawa mara nyingi huwa ni makumi au mamia ya nanogramu kwa lita. Kwa hiyo maji huchujwa, nusu lita au lita nzima hupitishwa polepole katika bomba dogo lenye unga unaonasa dawa, kisha dawa huoshwa kwa methanoli na kukaushwa mpaka ikabaki katika mililita moja, yaani imekolezwa mara mia tano hadi elfu moja; ndipo hupelekwa katika kromatografia na spektrometa ya tungamo, ambayo huitambua kila molekuli kwa uzito wake na kwa vipande inavyovunjikia.

Tena dawa zinazopatikana mtoni si zile zile za mtungini. Penisilini huvunjika upesi majini, lakini salfamethoksazoli hudumu, nayo katika tafiti za maji ya Kenya imetokea kuwa miongoni mwa zilizo nyingi kabisa, jambo lisiloshangaza kwa kuwa ni sehemu ya Septrin, dawa ambayo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wameitumia kwa miaka mingi kujikinga na maradhi mengine. Kwa hiyo ukanda wa maziwa ukichovywa katika maji ya Kuywa ukatoa mstari mwekundu, hilo si cheti cha usafi wa mto; ni chombo kilichoulizwa swali ambalo hakikuumbiwa kulijibu.

Tukiyakusanya haya yote, hukumu inajitokeza yenyewe. Kila chombo kina mahali pake: kisahani cha California kwenye zizi, ukanda wa dakika kumi pale ambapo mchuuzi au mwanachama anafikisha maziwa, kijichupa cha zambarau katika kituo cha kupozea kwa ajili ya kukagua sampuli zilizotunzwa, na spektrometa katika maabara kubwa kwa ajili ya kuthibitisha na kwa ajili ya mito. Kosa ni kununua kilicho ghali na kukiweka mwisho wa safari, kwa maana kipimo kinachofanywa baada ya mitungi kuchanganywa huweza kumwadhibu kila mtu na kutomjua mkosaji. Na kwa kuwa kumpima kila mwanachama kila siku ni gharama isiyobebeka, inatosha kutunza kijisampuli cha kila mmoja, kupima mchanganyiko wa wachache kabla haujaingia katika tangi, na kurudi kwenye vijisampuli pale mstari unapofifia.

Nasaha yangu kwa vyama vya ushirika vya Kimilili na vitongoji vyake, kwa serikali ya Kaunti ya Bungoma, na kwa Bodi ya Maziwa ya Kenya, ambayo sheria yake ni ya tangu mwaka 1958, ni kwamba kipimo kiandamane na insafu. Mkulima atakayekuja kusema mwenyewe kwamba ng'ombe wake yuko katika saa za kungoja asifukuzwe wala asiaibishwe, bali apewe fidia ndogo kutoka mfuko wa chama, kwa sababu fidia ya maziwa ya siku tatu ni rahisi kuliko hasara ya tangi zima. Na muuza dawa naye alazimike kumtajia mnunuzi muda wa kungoja kwa lugha anayoielewa, na kumwandikia tarehe ambayo maziwa yake yatafaa kuuzwa. Haya yote yafanywe kabla ya maziwa kumiminwa pamoja, kwani yakishachanganywa hakuna mashine, ya Uppsala wala ya kwingineko, inayoweza kuyatenga tena.